Flopi ya mchezo yenye kufuli: uinakili kwa njia gani?

Chukua flopi halisi ya mchezo wa Apple II wa mwaka 1983, yenye kufuli, yaani kinga ya mchapishaji ya kuzuia kunakili, itie kwenye kiendeshi, uinakili kwa programu ya kawaida. Mara nyingi litatokea moja kati ya mambo mawili. Ama programu itagoma kwenye traki (duara za data juu ya diski) za mwanzo na kudai kwamba diski ni mbovu, ama itamaliza kazi kimya na kukupa faili la baiti 143,360 linaloonekana kamili. Hili la pili ndilo baya zaidi. Flopi unairudisha kabatini ukiamini umeshaiokoa. Siku utakayolifungua lile faili, miaka baadaye, mchezo utatafuta kitu ambacho hakikunakiliwa, utakikosa, utajizima. Na huenda flopi yenyewe kufikia hapo imeshaota ukungu.

Kwa hiyo nalinganisha hapa njia zilizopo, kwa ajili ya mtu mwenye boksi la flopi halisi za Apple II, Commodore 64, Atari ST, Amiga au PC za mwanzo za IBM, anayetaka kuziokoa na hajui aanzie wapi. Msimamo wangu nautaja mapema: soma kwanza flaksi, yaani mipigo yenyewe ya sumaku kama ilivyo juu ya diski, ihifadhi, ndipo uamue utaifanyia nini. Njia nyingine zina mahali pake, ila zote zinakulazimisha kuamua leo kipi kina thamani na kipi kitupwe. Flopi ya miaka arobaini huenda isikubali kusomwa mara ya pili.

Kufuli limekaa wapi

Sekta, yaani vipande ambamo data ya kila traki hugawanywa, ni makubaliano tu. Juu ya diski hakuna sekta wala baiti; kuna uso wa sumaku unaogeuka mwelekeo, na kiendeshi kinachopima muda kati ya geuko moja na jingine. Kwenye Apple II diski huzunguka mara 300 kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja ni milisekunde 200, na kila biti ina nafasi ya mikrosekunde 4. Ukipiga hesabu, traki moja inabeba biti zipatazo 50,000, karibu baiti 6,250. Faili la kawaida hubakiza 4,096 tu kwa traki: sekta 16 za baiti 256. Theluthi nzima iliyobaki ni alama, mapengo na usimbaji, vitu ambavyo programu ya kawaida hupita juu yake na kuvisahau. Makufuli mengi yamejificha humo.

Steve Wozniak wa Apple alipobuni kiendeshi cha Disk II, kilichotoka mwaka 1978, alipunguza vipuri kadiri alivyoweza na kuiachia programu sehemu kubwa ya kazi. Uamuzi huo ulishusha bei, na pia uliwapa wachapishaji wa michezo uhuru mkubwa. Aliyetaka kubadilisha alama zinazotangaza mwanzo wa sekta, D5 AA 96, alizibadilisha, na programu ya kawaida ikawa kipofu mbele ya diski yake. Wengine waliandika katikati ya traki mbili. Prince of Persia ya mwaka 1989 ilibana sekta 18 pale ambapo mfumo wa kawaida uliweka 16.

Kwenye Commodore 64 hali ilikuwa tofauti. Kiendeshi cha 1541 kilikuwa kompyuta kamili, chenye prosesa na kumbukumbu yake, hivyo mchezo uliweza kutuma msimbo wake ukafanya kazi mle ndani ya kiendeshi. Kufuli la mwanzo kabisa lilikuwa la kikatili: sekta iliharibiwa kwa makusudi, mchezo ukaisoma ukitarajia kupata kosa, na nakala isiyo na kosa ikajulikana kuwa nakala. Kila mara kosa lilipotokea, kichwa cha kusomea kilirudishwa nyuma kikagonga kizuizi, ta-ta-ta-ta, na kugonga huko kulitoa vichwa vya viendeshi vya watu wengi kwenye mstari wake. Mteja aliyelipa ndiye aliyebeba gharama ya kufuli.

Kufuli ninalolistahi kuliko yote ni la biti dhaifu. Mchapishaji aliacha kipande cha traki bila geuko lolote la sumaku. Kikuza mawimbi cha kiendeshi, kikikuta kimya, hujiongeza nguvu kikitafuta sauti, hadi kinaanza kusoma kelele zake chenyewe. Matokeo yake biti za mahali pale hubadilika kila zinaposomwa. Mchezo husoma mara mbili: majibu yakitofautiana, diski ni halisi, yakifanana, ni nakala. Programu ya kunakili ilichukua jibu moja ikaligandisha, na kule kutobadilika ndiko kulikoiumbua. FTL, watengenezaji wa michezo, walitumia mbinu ya jamaa hiyo kwenye Dungeon Master ya Atari ST mwaka 1987: waliweka mageuko mpakani hasa mwa madirisha mawili ya muda, kidhibiti kikayasoma mara hivi, mara vile. Ukaguzi wenyewe haukuishia mlangoni. Uliendelea mchezo ukichezwa.

Amiga nayo ilikuwa na kufuli la Copylock la Rob Northen, ambapo baadhi ya sekta ziliandikwa kwa mwendo uliotofautiana kidogo na wenzake kwenye traki ileile. Amiga iliweza kupima tofauti hiyo ikisoma, lakini haikuweza kuiandika. Viwanda vilikuwa na mashine za kunakilishia ambazo mtu wa nyumbani hakuwa nazo.

Nimekaa sana hapa kwa sababu ukishajua kufuli limekaa wapi, kuchagua kunakuwa kwepesi. Kila njia nitakayoitaja huona kina fulani cha diski, na kilicho chini ya hapo hukipoteza.

Njia ya kizamani: programu za kunakili biti

Soko lenyewe lilijibu mapema. Locksmith ya Apple II ilitoka mwaka 1981, ikafuatwa na Copy II Plus ya Central Point Software na EDD. Commodore 64 ilipata Fast Hack'em na Maverick, Amiga ikapata X-Copy, na PC ikapata Copy II PC pamoja na kadi iliyoitwa Option Board, iliyoshika waya wa kiendeshi na kusoma mageuko moja kwa moja bila kukitegemea kidhibiti cha diski cha mashine.

Kama una mashine ya zamani iliyo hai, kazi hii inafundisha kuliko nyingine yoyote. Unasikia kichwa kikitafuta traki, unaona kufuli likikataa, unabadilisha vigezo na kujaribu tena. Ila kwa kuokoa mkusanyiko siipendekezi. Kila mchezo ulihitaji vigezo vyake, na watumiaji walivipata kwa orodha ndefu zilizosasishwa kila mara. Biti dhaifu hazinakiliki hivi. Na ukifaulu, ulichopata ni flopi nyingine, uliyoiandika juu ya flopi tupu yenye umri sawa na ile unayotaka kuiokoa.

Kulikuwa pia na katriji na kadi za kupiga picha ya kumbukumbu: Isepic na Action Replay za Commodore 64, Wildcard ya Apple II. Ulisubiri mchezo ufunguke, ukabonyeza kitufe, na kila kilichokuwa ndani ya kumbukumbu kikaandikwa kwenye diski. Hiyo ni nakala ya dakika moja ya mchezo. Unaoingia mzima kwenye kumbukumbu utafanya kazi. Unaorudi kwenye diski kuchukua hatua inayofuata utakwama.

Toleo lililovunjwa kufuli

Wengi watakuambia usijisumbue, mchezo wako tayari upo mtandaoni bila kufuli. Kwa kucheza tu, huenda ni kweli, na haina haja ya kununua kifaa chochote. Lakini matoleo hayo hayafanani. Wavunjaji wa miaka ya 80 walibandika utambulisho wao mwanzoni, na mara nyingi walikata picha za ufunguzi au muziki ili mchezo utoshe kwenye faili moja. Wapo waliovunja kufuli la mlangoni wasijue kuna jingine kwenye hatua ya nne.

Kazi ya 4am, mhifadhi wa Apple II anayejulikana kwa jina hilo tu, ni ya namna nyingine kabisa. Huondoa kufuli peke yake, huacha mengine yote yalivyo, na huandika hatua kwa hatua jinsi kufuli lilivyofanya kazi. Mamia ya kazi zake ziko kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Internet Archive, na maelezo yake ndiyo shule bora ninayoijua ya makufuli ya Apple II. Hata hivyo hiyo si nakala ya flopi yako. Haina toleo lako kama lilitofautiana, haina alama zilizohifadhiwa humo na aliyecheza mwaka 1984, na kufuli lenyewe, ambalo ni ufundi wa watu wa enzi ile, halipo tena.

Visomaji vya flaksi

Hapa ndipo ningeweka pesa yangu. Kifaa kidogo cha USB huunganishwa na kiendeshi halisi cha flopi na kurekodi muda wa kila geuko la sumaku, bila kujali maana yake. Hakiulizi sekta ziko wapi. Kikisoma mizunguko mitano ya traki ileile, biti dhaifu zinajitokeza zenyewe kwa kuwa mizunguko haikubaliani pale zilipo.

Greaseweazle, iliyobuniwa na Keir Fraser, ndiyo ninayomshauri mtu anayeanza. Muundo na programu zake ni huria, watu wengi wanaitengeneza, hivyo bei iko chini kuliko wenzake wote, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Inasoma na kuandika, maana yake unaweza kurudisha nakala kwenye flopi na kuijaribu kwenye mashine halisi. Kasoro yake ni kwamba inaendeshwa kwa amri za maandishi. Hazitishi:

gw read --revs=5 mchezo.scp

SuperCard Pro ya Jim Drew ilitangulia, na faili la SCP unaloliona hapo juu limetokana nayo. Hupima muda kwa hatua za nanosekunde 25. Ikumbuke ile biti ya Apple ya mikrosekunde 4: hiyo ni hatua 160 ndani ya biti moja, usahihi unaotosha na kubaki. Ni kifaa imara, lakini kwa mtu asiye na sababu maalumu sioni cha kumfanya alipe zaidi.

KryoFlux ilitoka kwa watu wa Software Preservation Society, walioanza kwa kuhifadhi michezo ya Amiga. Utaikuta kwenye maktaba na hifadhi za nyaraka nyingi za Ulaya na Marekani. Ina dirisha linaloonyesha hali ya kila traki, jambo linalomsaidia asiyezoea amri. Programu yake si huria, na matumizi ya kitaasisi yana leseni yake. Kama unafanya kazi katika taasisi inayotaka utaratibu uleule unaotumiwa na taasisi nyingine, ichukue. Nyumbani, Greaseweazle itakutosha.

Applesauce ya John Morris ni suala jingine, kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya Apple kwanza. Inatumia kiendeshi cha Disk II chenyewe, inaweza kusogeza kichwa kwa robo traki, na ukiongeza kitambuzi chake inajua traki moja imekaa vipi ukilinganisha na jirani yake. Hilo la mwisho lina uzito wake. Disk II haikuwa na kitambuzi cha tundu linaloonyesha mwanzo wa mzunguko, na kuna makufuli yaliyotegemea traki mbili kupangana kwa namna maalumu. Programu yake inaonyesha diski nzima kama picha ya duara, na mtu mwenye uzoefu huona kufuli kwa macho. Inataka Mac, na si rahisi kwa bei. Mwenye flopi kumi za Apple II nisingemwambia ainunue. Mwenye mia mbili, ndiyo, bila kusita.

Wa Commodore 64 wana njia ya katikati: ZoomFloppy pamoja na programu za nibtools. Hapa kiendeshi cha 1541 chenyewe husoma biti ghafi na kuzipeleka kwenye kompyuta ya leo. Kwa 1541 utahitaji waya wa ziada wa sambamba unaounganishwa ndani ya kiendeshi, kiendeshi cha 1571 hakiuhitaji. Haifiki kina cha flaksi, lakini kwa sehemu kubwa ya makufuli ya Commodore inatosha, na inakuepusha na tatizo la flopi za pande mbili nitakalolieleza sasa hivi.

Kiendeshi ni nusu ya kazi

Viendeshi vya flopi vya USB vinavyouzwa madukani havifai kwa kazi hii. Vinasoma sekta za kawaida za PC tu, vya inchi 3.5 tu, na hakuna programu itakayoviongezea uwezo. Unahitaji kiendeshi cha zamani chenye waya wa pini 34. Kwa Amiga na Atari ST, kiendeshi chochote kizima cha PC cha inchi 3.5 kitafanya kazi.

Kwa flopi za inchi 5.25, kiendeshi cha PC cha megabaiti 1.2 kinasoma vizuri na kina faida iliyojificha: traki zake zimesongamana maradufu, hivyo kinaweza kusimama kwenye nusu traki, palepale ambapo baadhi ya makufuli yamejificha. Kwa kuandika kina hasara. Kichwa chake ni chembamba, na ukiandika juu ya flopi iliyowahi kuandikwa na kichwa kipana, mabaki ya zamani hubaki pembeni na kuvuruga usomaji.

Kisha kuna zile flopi za Commodore na Apple zilizoandikwa pande zote mbili kwa kugeuzwa juu chini. Viendeshi vyao havikujali tundu la mwanzo wa mzunguko. Vingi vya PC vinalitaka. Ukiigeuza flopi, tundu halipo mahali pake na kiendeshi kinakataa kutoa chochote. Suluhisho ni kutumia kiendeshi kilichorekebishwa au kurudi kwenye kiendeshi cha asili.

Kabla ya kuingiza flopi yoyote, zungusha diski kwa vidole ndani ya ganda lake na uangalie uso wake kwenye mwanga. Madoa meupe au ya kijivu ni ukungu. Ukiingiza hiyo, itachafua kichwa, na kichwa kichafu kitakwaruza flopi inayofuata. Safisha kichwa kwa pamba na pombe ya isopropili, na rudia kila usikiapo mkwaruzo. Usikiapo sauti hiyo, toa flopi mara moja. Usingoje traki imalizike.

Faili lipi la kuweka

Weka mawili. La kwanza ni flaksi ghafi, SCP au la KryoFlux, ambalo kwa flopi moja linaweza kufika makumi ya megabaiti. Nafasi hiyo leo si kitu. La pili ni la kuchezea, lililochambuliwa kutoka kwenye la kwanza.

Kwa Apple II la pili liwe WOZ, lililobuniwa na watu wa Applesauce mwaka 2018. Linabeba kufuli, na emuleta (programu zinazoiga kompyuta za zamani) kama AppleWin na MAME hulifungua. Kwa Commodore 64 liwe G64, si D64: D64 lina data ya sekta peke yake, baiti 174,848 za flopi nzima, na kufuli hulioni humo. Kwa Atari ST kuna STX, na emuleta iitwayo Hatari hulisoma. Kwa Amiga, ADF ni sekta tu. IPF ndilo linalobeba kufuli, ila kwa kawaida hutengenezwa na Software Preservation Society baada ya kuichambua flopi. Usingoje hilo. Emuleta ya WinUAE inafungua SCP moja kwa moja.

Pembeni ya kila faili weka picha ya lebo ya flopi, jina la kiendeshi ulichotumia, tarehe, na traki zilizosumbua. Mali bila daftari huisha bila habari, na faili liitwalo diski7.scp baada ya miaka kumi halina tofauti na flopi isiyo na lebo.

Sheria

Nchini Marekani, kifungu cha 117 cha sheria ya hakimiliki, kilichoongezwa mwaka 1980, kinamruhusu mwenye nakala ya programu kutengeneza nyingine ya akiba. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa iliamua kesi ya Vault dhidi ya Quaid. Vault waliuza flopi zenye kufuli la Prolok. Quaid wakauza programu iliyowezesha nakala zake kufanya kazi. Quaid walishinda, kwa sababu programu yao ilikuwa na matumizi halali ya kutengeneza akiba. Sheria ya DMCA ya mwaka 1998 ilibadilisha mazingira kwa kukataza kuvunja kufuli. Mwaka 2003 ikaja ruhusa maalumu kwa programu na michezo iliyo kwenye vyombo vilivyopitwa na wakati, na mwaka 2006 ikabanwa ibaki kwa maktaba na hifadhi za nyaraka.

Nchi nyingine zina sheria zake, kwa hiyo angalia za kwako kabla ya kumgawia mtu chochote. Kiufundi, nakala ya flaksi haivunji kufuli. Inalibeba lilivyo, na emuleta hulikuta palepale mchapishaji alipoliweka.

Ningekuwa mimi

Mwenye flopi chache za aina mchanganyiko: Greaseweazle, kiendeshi kimoja cha inchi 3.5 na kimoja cha 5.25. Mwenye Commodore pekee na 1541 inayofanya kazi: ZoomFloppy na nibtools. Mwenye mkusanyiko mkubwa wa Apple II na Mac: Applesauce. Anayetaka kucheza jioni hii tu: toleo la 4am, na flopi zake aziache bila kuziingiza popote hadi apate kifaa.

Chochote utakachochagua, usianze na mchezo unaoupenda. Anza na flopi ambayo huitaki, ya data ya zamani, usome mara mbili tatu hadi ukijue kiendeshi chako na sauti yake ya kawaida. Kisha ziba kwa karatasi ya gundi ule mkato wa pembeni wa flopi ya inchi 5.25, au fungua kidirisha cha ile ya 3.5, ili kisiandikwe chochote kwa bahati mbaya, ndipo uanze na zile zilizo katika hali mbaya zaidi.